Specioza Akataa Kuwa Mchawi

Treni ya Tabora ilipoingia Mpanda, stesheni ilichemka. Specioza, mjane wa miaka arobaini na tisa, muuza vitenge wa mtaa wa Makanyagio, alikuwa anavuta robota lake kutoka behewani mara mkono wa mwanaume ukashika upande wa pili.

"Mama, niachie mimi."

"Nikuachie ukimbie nalo?"

"Nikimbie na mgongo huu? Mimi Mwalimu Telesphor, wa kikundi cha maigizo."

Specioza alicheka mpaka akaona aibu. Mwalimu alikuwa mgane, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Haukupita mwezi, Specioza akawa anapaka wanja kwenda sokoni. Mwalimu alipokwenda Tabora kuazima kamera ya video, alimpigia kwenye simu ya dukani kwa Yotham, jirani yake sokoni, na wateja wote wakanyamaza kusikiliza.

"Spesi wangu, umekula?"

"Nimekula, mpenzi. Punguza sauti, watu wanasikia!"

"Wasikie. Nimekuandikia nafasi kwenye mchezo wetu. Utaonekana kwenye video!"

Moyo ulimruka kwa furaha. Siku hiyohiyo akakata kitambaa chekundu akashonesha gauni. Lakini Mwalimu aliporudi na karatasi, Specioza alisoma sehemu yake: Bibi Mchawi, amevaa kaniki, masizi usoni.

"Mwalimu, mimi mchawi?"

"Kuigiza tu, mpenzi. Kila mchezo mama mtu mzima ni mchawi, au mkwe mkorofi. Watu wamezoea."

"Aliyeigiza mchawi mwaka jana, mpaka leo nyanya zake hazinunuliwi! Haya, hilo tuliache. Wewe unanipenda?"

"Sana."

"Mbona kwenye karatasi zako mwanamke wa umri wangu hapendwi na mtu?"

Specioza alimrudishia Mwalimu karatasi akaondoka, hasira zimemjaa, na uchungu zaidi kwa kuwa bado alimpenda. Wiki nzima hakumsemesha.

Asubuhi ya kurekodi, Mwalimu akatokea kwenye kibanda cha Specioza, ndevu hazijanyolewa.

"Nimeandika upya. Mchawi nimemtoa. Kuna mjane muuza vitenge, na mgane anayemchumbia. Mgane ni mimi."

"Na mjane anajibu nini?"

"Hapo sijaandika. Jibu ni lako."

"Watu wakitucheka je?"

"Watatucheka wote wawili."

Ilipofika saa nne, nusu ya watu wa Makanyagio walikuwa wameizunguka kamera. Specioza aliingia na gauni lake jekundu, midomo imekolea rangi. Vijana wakapiga miluzi. Mwalimu alipomwona akasahau kila alichoandika.

"Spesi... nikubali tuzeeke pamoja."

"Tuzeeke? Mimi bado! Nioe kwanza."

Vigelegele vikalipuka. Sixte, mshika kamera, akauliza kama akate kurekodi.

"Ukate nini?" alisema Specioza, ameushika mkono wa Mwalimu mbele ya watu wote. "Ndiyo kwanza tunaanza."