Kiti cha Bi Mwanaidi

Sketi ilikuwa imefumuliwa. Haikuchanwa wala haikuliwa na panya. Mshono mmoja baada ya mwingine ulikuwa umetolewa taratibu, kuanzia pindo mpaka kiunoni, na uzi wote ukaviringwa kidonge kidogo kilichowekwa juu ya cherehani, pale pale Semeni anapoweka mkono kila asubuhi anapoanza kazi.

Semeni alisimama barazani kwake, Kigombe, akakitazama kile kidonge. Alikuwa na miaka kumi na tisa ya ufundi. Alijua kwamba kufumua sketi nzima bila kujeruhi kitambaa ni kazi ya nusu siku, na yeye alikuwa ameimaliza jana jioni tu. Akamwita binti yake, Samiha, akamuuliza kama ameigusa. Samiha akaapa hajaigusa. Semeni akamhesabu kuwa muongo, kwa sababu jibu jingine hakuwa nalo, kisha akavuta kigoda akaishona upya.

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Samiha alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya bweni ya wasichana, kule juu Usambara, akasome fizikia, kemia na biolojia. Fomu ya kujiunga, waliyoichapisha steshenari mjini Tanga, ilikuwa na kurasa kumi na mbili, na kila ukurasa ulidai kitu: godoro la futi mbili na nusu, shuka za bluu, ndoo mbili zenye mifuniko, kwanja, fagio la chelewa, sweta, sketi mbili za rangi ya damu ya mzee. Ukurasa wa mwisho ulisema kwa herufi nzito kwamba asiyeripoti kufikia tarehe ya mwisho, nafasi yake atapewa mwingine. Mstari huo Semeni aliusoma kila siku.

Siku ya pili aliikuta sketi imefumuliwa tena. Usiku wa tatu aliifungia kabatini na ufunguo akaufunga kwenye pembe ya kanga yake. Asubuhi ufunguo ulikuwa bado kwenye pembe ya kanga, kabati lilikuwa limefungwa, na ndani yake sketi ilikuwa vipande vinne vilivyokunjwa vizuri, vimebeba harufu kali ya karafuumaiti.

Nyumba ile haikuwa na karafuumaiti. Mara ya mwisho kuingia ilikuwa miezi minne nyuma, walipomwosha na kumkafini Bi Mwanaidi, mama yake Semeni.

Hilo Semeni hakumwambia mtu. Mumewe, Rama, alikuwa Mtwara kwenye kazi za ujenzi, na alipopiga simu Semeni alimwambia tu kwamba maandalizi yanachelewa. Rama akamuuliza fundi mzima anashindwaje na sketi mbili. Semeni akakata simu.

Fomu ya afya nayo ikaanza vituko vyake. Daktari wa zahanati, Edgar, alimpima Samiha, akajaza, akasaini, akagonga muhuri. Walipofika nyumbani karatasi ilikuwa nyeupe, haina hata alama ya kalamu. Wakarudi. Edgar akajaza nyingine, na ile pia ikafika nyumbani tupu. Mara ya tatu Semeni hakuikunja wala kuiweka mkobani. Aliishika wazi mbele ya macho yake njia nzima, kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi, akiyatazama maandishi yasije yakakimbia. Hayakukimbia. Alipoingia ndani akaisoma kwa utulivu, na kwenye nafasi ya jina la mwanafunzi, kwa mwandiko ule ule wa Edgar, palikuwa pameandikwa Semeni.

Akarudi zahanati mbio, jasho likimtoka, akaitupa karatasi mezani.

"Daktari, mwanafunzi ni nani hapa?"

Edgar aliisoma, akaisoma tena. Alisema aliandika Samiha, ana hakika, na kwamba hiyo ndiyo fomu yake ya mwisho na foleni ilikuwa inamngoja nje. Halafu akapunguza sauti. "Mama Samiha, mimi ni mtu wa kanisa, mambo ya pwani siyajui. Lakini wewe ni mzaliwa wa hapa. Hujiulizi?"

Semeni alikuwa anajiuliza, na ndicho kilichomkera. Mama yake alikuwa na jini. Kigombe nzima ilijua. Bi Mwanaidi alikuwa kiti chake, yaani yule ambaye jini humpanda na kusema kwa kinywa chake. Alimfukizia udi kila Alhamisi, akamwekea chakula chake chumbani, na watu walitoka mpaka Ushongo kuja kumuuliza habari za watoto wanaougua. Alipokuwa mgonjwa wa kufa alimshika Semeni mkono akamwambia sasa ni zamu yako. Siku ya tatu baada ya mazishi Semeni alikitupa baharini chetezo, kile chombo cha kufukizia udi, akakitia kufuli chumba cha marehemu, akaendelea na cherehani yake.

Siku ya sita, saa saba mchana, jua likiwa utosini na mtaa wote umenyamaza, alikuwa barazani akiishona sketi kwa mara ya tano aliposikia Samiha akiitika kutoka ndani.

"Abee."

Hakuna aliyemwita. Semeni akasimamisha mguu kwenye pedali.

"Abee, bibi. Nakuja."

Semeni aliinuka akaingia ndani, akapita ukumbini ambako godoro jipya lilikuwa limesimamishwa ukutani na ndoo mbili juu yake, na kadiri alivyosogea ndivyo harufu ya karafuumaiti ilivyozidi kumjaa puani, nzito, ya baridi, kama imetoka chini ya ardhi, na alipofika mwisho wa ukumbi aliiona kufuli ya chumba cha mama yake ikining'inia wazi, na mlango umeachwa nusu, na kutoka ndani ikaja sauti aliyoijua tangu utotoni, sauti kavu ya miyaa ikipishana, ikipishana, ikipishana bila kupumzika.

Samiha alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha mbele kama wanavyokaa wazee, anasuka ukili, ule utepe mrefu wa miyaa wa kushonea mikeka. Samiha hakuwahi kujifunza kusuka ukili. Alikuwa mtoto wa vitabu na simu. Vidole vyake vilikwenda kasi mno hata macho hayakuweza kuvifuata, na ule ukili uliotoka mikononi mwake ulikuwa umeshazunguka chumba, umeingia uvunguni, umetokea upande wa pili, ukawa unasogea polepole kuelekea miguuni kwa Semeni.

"Funga mlango, Semeni," kinywa cha Samiha kikasema kwa sauti ya Bi Mwanaidi. "Joto linaingia."

Semeni akafunga mlango. Ndivyo alivyozoea kuitii sauti ile, akawa ameshaufunga kabla ya kufikiri.

"Huyu mnampeleka wapi?"

"Shule," Semeni akanong'ona.

"Na wewe ulitaka kwenda shule. Ulikwenda?"

Vidole vikasimama. Samiha akaanguka ubavu, macho yamegeuka, mwili wote baridi kama samaki wa barafuni.

Jioni ile Semeni alituma pikipiki Mwera kumwita Shekhe Abdulghani. Alimchagua yeye kwa sababu marehemu baba wa shekhe huyo ndiye aliyekuwa akimhudumia Bi Mwanaidi kwa mambo ya jini. Shekhe alifika asubuhi ya siku ya saba, mtu wa makamo, mwembamba, na alipovuka kizingiti tu akavuta pumzi puani akasema kwamba harufu hiyo anaijua, aliikuta akiwa mtoto kwenye kanzu ya baba yake.

Alisoma mchana kutwa. Alimnywesha Samiha maji aliyoyasomea, akafukiza ubani, akasoma tena mpaka sauti ikamkauka. Siku ya nane akaanza upya tangu alfajiri. Kila aliposoma, Samiha alizidi kudhoofika: midomo ikapasuka, mapigo ya moyo yakawa ya kutafuta kwa kidole. Na kila Shekhe aliponyamaza, binti alirudi kupumua. Semeni alikaa kando, ameshika fomu ile yenye jina lake, anahesabu saa. Kesho ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuripoti. Godoro lilikuwa tayari, kwanja lilikuwa tayari, kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mtoto mwenyewe.

Alasiri, jini akasema bila kuulizwa.

"Barua yako ilikuja, Semeni."

Shekhe akainua mkono kumzuia Semeni asijibu. Semeni akajibu.

"Barua gani?"

"Ya shule. Ulipomaliza darasa la saba. Mama yako aliipokea kwa mkono wake akaniletea mimi humu chumbani. Nikamwambia, akienda huyu, wewe ukifa nitakaa wapi? Akaichoma kwenye chetezo. Nikamwahidi kukaa kwake mpaka mwisho wake, na yeye akaniahidi wewe. Umenifungia mlango. Basi nimemchukua wa kwako."

Semeni alijua mwaka huo vizuri kuliko mwaka wowote wa maisha yake. Alikuwa wa kwanza darasani. Alingoja barua wiki baada ya wiki, na ilipokosa kuja akaamini kwamba mwalimu mkuu ameiuza nafasi yake kwa mtoto wa ndugu yake. Kwa miaka ishirini na nane hakumsalimu mzee yule. Walikutana njiani akageuza uso. Alipokufa, kijiji kizima kilikwenda mazishini, Semeni akabaki nyumbani anashona. Na muda wote huo mama yake alimtazama akimchukia mtu asiye na kosa, akamtengea chakula, akamwombea dua, asiseme neno.

Alidhani atalia. Badala yake hasira ilimpanda mpaka hofu ikakosa pa kukaa. Akasogea, akapiga magoti mbele ya binti yake, uso kwa uso na yule aliyekuwa akitazama kupitia macho yake.

"Umenifumulia sketi mara tano," alisema kwa sauti ya chini. "Umenirudisha zahanati kama mwendawazimu. Ulinitaka mimi, ungenijia mimi."

"Nimekuandikia jina lako," jini akasema. "Ulilisoma."

Shekhe Abdulghani akamvuta Semeni kwa kanga mpaka ukumbini. Akamweleza kwa kunong'ona kwamba yeye hawezi kumtoa. Akiendelea kusoma, atakayetoka kwanza ni binti. Njia zilikuwa mbili. Samiha abaki nyumbani awe kiti, au mwingine wa damu hiyo akae badala yake kwa hiari.

"Na akikaa mwingine, kuna nini?"

"Kiti hakilali mbali na nyumba yake," Shekhe alisema. "Hutalala pasiposikika bahari. Hutampeleka shule, hutamtembelea, hutayaona mahafali yake. Na siku nyingine hutajua ni nani kati yenu anayesema."

Semeni aliuliza kama jini huvunja ahadi. Shekhe akasema wao hawavunji, binadamu ndio huvunja. Basi akarudi chumbani, akakaa sakafuni kando ya Samiha, akanyoosha miguu mbele.

"Nitakaa mimi," alisema. "Lakini nami nina langu. Huyu humfuati. Hata akirudi likizo, humgusi. Watoto wake humgusi hata mmoja. Nikifa, mkataba umekwisha, utatafuta nyumba nyingine. Kubali au tumalizane hapa hapa wote watatu."

Ukili uliozunguka chumba ukaanza kukatika wenyewe, kipande kwa kipande, ukinyauka na kuwa vumbi la kijivu, na baridi iliyokuwa mwilini mwa Samiha ikahama, Semeni akaisikia ikipanda kutoka kwenye vidole vya miguu yake, magotini, kiunoni, ikapita katikati ya mgongo kama mkono unaopapasa njia gizani, mpaka ikamfika mabegani ikatulia, na ulimini akaonja karafuumaiti.

"Nimekubali," akasema. Ilikuwa sauti ya mama yake, na ilitoka kinywani mwake mwenyewe.

Samiha alifumbua macho akaomba chai.

Asubuhi ya siku ya tisa, sketi zilikuwa mbili, nzima, na fomu ya afya ilikuwa na jina la Samiha juu ya muhuri. Praxeda, mke wa Edgar, ambaye kwao ni Usambara na alikuwa anakwenda likizo, akakubali kumfikisha binti mpaka getini. Samiha hakukumbuka chochote isipokuwa homa. Alichokiona ni kwamba wenzake wote watasindikizwa na mama zao na yeye anapelekwa na jirani. Semeni alimwambia ana cherehani iliyolemewa na kazi za watu. Samiha akanuna, akatazama pembeni, akapanda gari bila kumbusu mama yake mkono. Semeni alisimama mpaka vumbi likatua, ameshikilia koo lake kwa vidole viwili, maana maneno yaliyokuwa yakipanda humo hakuyajua.

Jumapili ya pili simu ililia. Ilikuwa namba ya matroni. Samiha alizungumza haraka haraka, nyuma yake wasichana wanacheka, na kununa kote kulikuwa kumekwisha. Alisema kuna baridi, sweta linamtosha, amepata rafiki anaitwa Benedikta, na mwalimu wa kemia amemsifu mbele ya darasa. Akaomba radhi kwa jinsi alivyoondoka. Semeni alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Alitaka kumwambia kwamba hana kinyongo, kwamba kila siku anamwazia. Akafungua kinywa.

"Soma, mwanangu," kinywa chake kikasema, polepole, kwa ukavu wa mtu mzima sana. "Huku tumo wote. Usiwe na wasiwasi."

Upande wa pili kicheko cha wasichana kilisikika, kisha mlango ukafungwa, kikakatika. Semeni aliiminya simu sikioni. Alijaribu kusema ni mimi, Samiha, ni mama yako, lakini ulimi ulikuwa umelala kinywani kama wa mtu mwingine.

"Shikamoo, bibi," Samiha akasema, kwa sauti ndogo sana.

"Marahaba," ikajibiwa.