Duara la Buluu

Kila alasiri akirudi kutoka shule, Chapuchapu alivua viatu huku anatembea, akala amesimama, akafungua daftari kabla hajameza. Jina hilo alipewa na baba yake, na lilimkaa barabara.

Siku hiyo alimkuta mdogo wake ameketi kitandani, mabega yakipanda na kushuka. Pumu ilikuwa imembana, na kipulizia chake cha dawa kilikuwa kimekwisha. Mama alikuwa amepiga simu duka la dawa, nao wakakubali kuwaletea kingine kwa pikipiki.

"Mwanangu, mtumie dereva ramani ya hapa tulipo," mama alisema, akimpepea mtoto. "Hakikisha ni hapa kweli."

Chapuchapu akafungua simu ya mama. Kitone cha buluu kilirukaruka, mara barabarani, mara ng'ambo ya mfereji. Duara kubwa lilikizunguka, na chini yake simu iliandika: *Mahali hapana hakika. Toka nje, usubiri.* Nani angesubiri, na mdogo wake anahema vile? Akabonyeza.

"Umehakikisha?"

"Ndiyo, mama."

Mama akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Simu ikalia.

"Mama, nimefika," dereva alisema. "Niko getini, kiwanda cha matofali."

"Kiwanda gani tena? Sisi tuko huku kwenye maghorofa. Ramani husomi, kaka?"

Chapuchapu alihisi uso unawaka. Akinyamaza, lawama ingebaki kwa dereva. Lakini kifua cha mdogo wake kilikuwa kinapiga mluzi.

"Mama, si kosa lake. Sikuhakikisha. Kitone kilikuwa kinaruka, nikatuma hivyo hivyo."

Mama alifumba macho kidogo. "Basi nenda uwanjani. Kimbia."

Chapuchapu alikimbia mpaka mahali pa wazi, penye tangi la maji, akainua simu. Kukimbia kulikuwa rahisi. Kusubiri ndiko kulikomtesa. Miguu ilimwasha. Duara likasinyaa taratibu, kitone kikatulia kando ya tangi. Akatuma, kisha akapiga simu.

"Kaka, niko chini ya tangi la maji, nimevaa sare. Mimi ndiye niliyekosea."

"Usijali, binti. Nakuja."

Dereva alipofika hakumkemea. Alikuwa ameshafungua boksi la dawa, ili mama asihangaike nalo. Walipanda ngazi mbio pamoja. Mtoto alivuta dawa, akavuta tena, na mabega yakaanza kushuka. Dereva alibaki mlangoni mpaka akamwona mtoto anatabasamu.

"Kaka, nisamehe," mama alisema. "Nilikurushia maneno."

"Yamekwisha, mama." Kisha akamgeukia Chapuchapu. "Simu hutafuta mahali ilipo kwa ishara za setilaiti kutoka angani. Katikati ya maghorofa ishara hugonga kuta, simu ikachanganyikiwa. Lakini haikukudanganya. Ilikwambia haina hakika."

"Na wewe siku nyingine usipokuwa na hakika, niambie," mama alisema. "Sitakuchapa kwa hilo. Nitakusaidia."

Chapuchapu aliitikia kwa kichwa, bado amesimama.

"Dada," mdogo wake alisema kwa sauti ndogo, akipapasa godoro, "kaa basi."

Akakaa.