Maswali Kumi ya Kumjua Mhusika

Jua lilikuwa linazama wakati fundi cherehani alipofunga kibanda chake na kwenda kuchukua karatasi ya zoezi. Darasa la utunzi lilikuwa chumba cha juu ya duka la rangi, ngazi zake zikinuka tapentaini. Mwalimu, mzee asiyepandisha sauti, alimpa karatasi yenye maswali kumi ya kumjua mhusika.

"Jibu kwa ukweli," alimwambia. "Ila usimchukue mtu aliye hai."

"Nikimchukua?"

"Utamwandika mpaka aishe."

Fundi akacheka. Walimu nao kwa utani.

Nyumbani, dada yake alikuwa jikoni anaosha vyombo huku anaimba. Ndiye aliyemlea fundi baada ya mama yao kufariki, akaacha shule ili mdogo wake asome. Lakini kila walikokwenda, watu walimsifia dada sauti, na mdogo mtu akaachwa kushikilia mikoba. Kijicho hicho alikimeza miaka ishirini. Jioni ile kilimpanda kooni.

Swali la kwanza: Mhusika wako anaringia nini?

Akaandika: Sauti yake.

La pili: Akipokonywa, atakuwaje?

Hapo kalamu ilikimbia yenyewe. Anafungua kinywa, hakitoki kitu. Koo limejaa udongo mbichi…

Jikoni wimbo ukakatika.

Katikati ya neno.

Kisha sahani ikapasuka sakafuni. Dada akatokea mlangoni, mikono inachuruzika povu, kinywa wazi. Pumzi yake ilinuka kaburi lililochimbwa leo. Akachukua kalamu, akaandika pembeni mwa gazeti: Mdogo wangu, umeandika nini?

Fundi akafunika karatasi kwa kiganja. "Hamna kitu, dada. Mafua tu hayo. Kalale."

Dada akamwamini. Kabla ya kulala akamletea chai.

Kesho yake jioni, fundi alimpelekea mwalimu yale majibu mawili, yaliyokwisha kuwa hadithi. Mzee akasoma, akavua miwani.

"Ichane," alinong'ona. "Sauti itarudi. Hadithi itapotea."

"Yote?"

"Hutakumbuka hata neno."

Fundi aliisoma tena pale pale, amesimama. Tangu azaliwe hakuwahi kuandika kitu kizuri namna ile. Akaikunja taratibu, akaisukumia kifuani.

"Yamebaki manane, sivyo?" aliuliza.

Mwalimu akaivaa tena miwani yake.

Fundi aliyamaliza kwa juma moja, kila jibu likimpokonya dada kitu. Miguu. Usingizi. Sura ya mama yao. Kufikia Ijumaa dada alikuwa kitandani, macho makavu, hamjui hata anayemlisha.

Ijumaa hiyo fundi aliisoma hadithi mbele ya darasa. Watu walilia. Wakampigia makofi mpaka kuta zikatetema. Alirudi kitini kichwa juu; hakuna aliyemwambia ashikilie mkoba wa mtu.

Mwalimu hakupiga makofi. Alikuwa anagawa karatasi mpya.

Nyuma, kalamu ikaanza kukwaruza… Fundi akageuka. Mama mmoja muuza vitabu, ambaye hadithi zake hazikuwahi kusifiwa na mtu, alikuwa anamkodolea macho, anampandisha na kumshusha, kama anayemchukulia vipimo. Kisha akainama, akaandika neno moja tu.

"Dada," fundi alimnong'oneza, "umeandika nini?"

Yule mama akafunika karatasi kwa kiganja.

"Hamna kitu," alisema kwa upole.

Vidole vya fundi vikaanza kufa ganzi. Kimoja… kimoja.