Aliyebaki Tanurini

Anayeamini aamini, asiyeamini na akae asikie tu, hatozwi kitu. Jambo lenyewe lilianza na harufu ya chapati za mahindi zinazoungua, saa sita mchana, kwenye nyumba ambayo jiko lake halikuwa limewashwa.

Delfina alikuwa nje anaanua nguo. Alibwaga kapu, akakimbilia jikoni. Jiko lilikuwa baridi kama lilivyolala. Mumewe, Chano, alikuwa mezani anakula dagaa wa kopo, maana mtungi wa gesi ulikuwa umeisha tangu asubuhi.

"Umeunguza nini?"

"Mimi? Dagaa wa kopo nimeunguza na nini, na jua?"

"Husikii harufu?"

"Ninachosikia mimi ni njaa. Ee mke wangu, wiki ya kwanza tu kwenye ardhi ya babu zako, na vituko vimeshaanza!"

Delfina alicheka, akatikisa kichwa. Mama yake, Bi Eudelia, hakucheka. Alikuwa ameketi dirishani na sinia la maharage, mikono imesimama, macho ameyakaza kule uani kwenye lile tanuri kuukuu la udongo. Delfina aliona, lakini hakulitilia maanani.

Ardhi ile ilikuwa ya ukoo wa Treviño tangu enzi ambazo kusini mwa Texas hapakuwa na uzio hata mmoja, ng'ombe wakila mpaka wanafika mtoni. Mwaka wa 1915 wakaja wapanda farasi wenye bunduki, na nyuma yao mtu mwenye karatasi ya kudai ardhi, na siku hiyohiyo Watreviño wakawa hawana kwao. Ilipita miaka sabini kasoro mmoja. Delfina, mpishi wa shule, na Chano, fundi wa kuchomelea vyuma, waliuza nyumba yao ya mjini wakanunua ekari arobaini tu kati ya zile maelfu, zile zenye magofu ya nyumba ya zamani na tanuri lake. Wakaleta nyumba ya mbao juu ya lori, wakaitua hapo.

Watu walidhani Delfina anataka kufuga ng'ombe. Ng'ombe gani! Alichokuwa akikitaka ni kimoja, na alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili akiwa bado hajakipata: kukumbatiwa na mama yake. Bi Eudelia hakuwa mama mbaya, jamani, tusimsingizie. Alimlisha, alimvisha, alimsuka nywele mpaka shule ikaisha. Ila ukimkumbatia alisimama tu wima, mikono inaning'inia, anangoja umalize. Hakuna aliyewahi kumwona akilia, wala kucheka. Siku moja alipata kusema, "Kuna kitu nilikiacha kule ranchi," na Delfina akalishika neno hilo miaka yote. Alijiambia, nikimrudisha kule, atakipata.

Siku ya pili harufu ilikuja tena, saa ileile, jua likiwa la utosini na hakuna ndege anayelia. Siku ya tatu ilikuja na sauti. Delfina alikuwa anafagia uani alipoisikia, sauti ya mtoto, ndogo, ya mtu anayejibana asisikike na wengine.

"Nitoke sasa?"

Ufagio ulimponyoka. Alizunguka tanuri, akainama, akachungulia. Ndani mlikuwa na majivu makavu na giza, na hewa iliyompiga usoni ilikuwa ya moto, kwenye tanuri ambalo halikuwashwa kwa miaka sabini.

"Chano," alinong'ona mchana ule, "kuna mtoto humo."

Safari hii Chano hakufanya mzaha. "Nimemsikia jana," alisema polepole. "Nilidhani ni kichwa changu. Delfina, tuondoke hapa."

"Twende wapi? Nyumba tumeuza."

Siku ya nne Delfina aliamka kwenye usingizi mfupi wa mchana akakuta kiti cha dirishani kitupu, mlango uko wazi, na ile harufu imejaa nyumba nzima hata macho yanawasha, na alipotoka nje miguu peku juu ya mchanga unaounguza, akimwita mama yake na haitikiwi, aliiona miguu miwili mikavu ya kizee imetokeza kwenye mdomo wa tanuri, inasukuma, inajikakamua, kwa sababu mwanamke wa miaka sabini na mitano alikuwa anajaribu kujipenyeza kwenye tundu la kutosha mtoto wa miaka sita, na mabega yake yalikuwa yameshachubuka yanavuja damu, na kutoka kule ndani, mbele ya kichwa chake, ile sauti ndogo ilikuwa ikiuliza na kuuliza, nitoke sasa, nitoke sasa, nitoke sasa?

"Yesu na Maria! Mama!" Chano alitoka mbio, wakamvuta, yeye mguu huu na Delfina mguu ule. Bi Eudelia hakulia. Alikaa kwenye mchanga, akasema kwa sauti yake kavu ya siku zote:

"Mama alinificha humu. Alikuwa anachoma chapati. Akaniambia, Lela, usitoke mpaka nikuite. Kisha risasi zikaanza, akanivuta mguu, tukakimbia. Hakuniita."

Hapo Delfina akaelewa. Nani asiyejua? Watu wa kule, mtoto akishtuka mahali, hawamwondoi hivihivi. Mama husimama, humwita kwa jina lake, humwambia njoo, usibaki. Wakimwondoa bila kumwita, kinachoondoka ni mwili, roho inabaki palepale.

Jioni hiyo Chano alimleta Bi Nieves, mganga, kibibi mfupi mwenye sigara sikioni. Alimfagia Bi Eudelia kwa matawi, akamnyunyizia maji ya kanisani, akaenda tanurini akaita, "Eudelia! Lela! Njoo, usibaki!" Kimya. Kesho yake saa sita akaita tena. Kimya.

"Mtoto ana adabu huyu," alisema, akajifuta jasho. "Aliambiwa na mama yake, anamngoja mama yake."

"Bibi yangu amekufa miaka arobaini sasa."

"Na sauti yake nani anayo?"

Tangu Delfina alipokuwa msichana watu wazima walimwambia, ukiita mtu wewe, ni marehemu bibi yako mtupu.

"Usipomwita, mama yako ataingia humo kumfuata, na safari ijayo hamtamwahi," alisema Bi Nieves. Kisha akateremsha sauti. "Lakini nakwambia mapema, binti yangu, usije ukanilaumu. Atatoka kumfuata aliyemwita. Mtoto wa miaka sita anajua nini? Anamjua mama yake tu."

"Atapona?"

"Atakuwa mzima."

"Basi."

Delfina akafunga leso kichwani kama bibi yake kwenye picha, akapiga magoti mbele ya tanuri, mama yake ameketi kando yake kama mzigo. Akaita:

"Lela! Lela wangu! Wamekwenda. Njoo, mama, usibaki."

Majivu yakaanguka ndani. Kitu kikatambaa. Vidole vyembamba, vyepesi, vikampitia Delfina begani, vya moto, na vinyweleo vikamsimama mwili mzima. Kisha havikuwepo tena, na harufu ikakatika papo hapo.

Bi Eudelia alivuta pumzi kwa nguvu. Uso wake ukakunjamana, machozi yakambubujika, machozi ya miaka sabini, akamrukia Delfina shingoni akamkumbatia kwa mikono yote miwili, akambana hasa, mpaka mbavu zikauma. Delfina naye akalia kwa sauti. Mungu wangu, kumbe hivi ndivyo ilivyo!

"Mbona umechelewa?" Bi Eudelia akalia kifuani pake. "Nilikungoja sana, Mama. Sikutoka."

Chano akavua kofia. Bi Nieves akageukia pembeni.

"Mama," Delfina alisema, akimshika mashavu, "nitazame. Ni mimi, Delfina."

Bi Eudelia akamtazama kwa macho maangavu ambayo Delfina hakuwahi kuyaona. Akacheka.

"Delfina ni nani?"

Delfina akamfuta kamasi kwa ncha ya leso.

"Humjui," alisema. "Haya, twende ndani, mwanangu. Jua kali."