Mshale wa Mfereji Mkavu

Maji yalikuwa yamefungwa tangu asubuhi, lakini mshale wa kipimo ulikuwa unatembea.

“Shikamoo mwalimu,” Kija alinong'ona. “Mfereji mkavu. Nini kinauvuta mshale?”

“Marahaba,” Casmir alijibu, akainama kuuchungulia mfereji.

Hakuwa mwalimu wa mtu. Alikuwa fundi vipimo wa shamba la miwa pale Ruaha, aliyewahi kupelekwa Uholanzi miezi sita akarudi na koti zito la baridi na maneno mengi kuliko ujuzi. Mshale ule aliufunga mwenyewe. Kibati cha ukubwa wa kiganja kilipachikwa sawasawa na ukuta wa mfereji. Maji yakipita hukivuta, na mshale juu ya ukingo huonyesha yanaukwaruza ukuta kwa nguvu gani. Nguvu ikizidi, saruji hubanduka, kisha tuta hufuata. Na chini ya tuta ndipo Kija, mlinzi wa lango, alipojenga na watoto wake wanne.

Mwaka ule mashamba ya serikali yalikuwa yakiuzwa. Kesho wanunuzi wangekuja kuona mfereji ukijazwa mpaka juu. Daftari la Casmir lilisema ukuta ni mzima.

Mshale ukasimama kwenye mbili nukta nne. Ukashuka hadi sifuri. Ukapanda hadi moja nukta tisa. Casmir akaloa jasho: zilikuwa namba zake, kwa mpangilio uleule, alizozitunga daftarini kwa siku kumi na moja bila kupima, akiwa Mikumi mbele ya sahani ya mbuzi choma.

Kisha ukaja mkwaruzo, kama kucha kwenye saruji, ukitoka bondeni kupanda mlimani, kinyume cha maji yaendavyo, na nyuma yake harufu ya matope yasiyowahi kuona jua, ikawazunguka miguu, ikawapanda puani, hata mbwa wa Kija akarudi kinyumenyume bila kubweka.

Kija akamleta Bibi Filomena, mganga kutoka Vidunda.

“Kila siku uliyoandika bila kushika maji, umemwekea jini kiti,” bibi alimwambia Casmir polepole. “Weka kokoto, moja kwa siku moja. Nitazifukia, atatoka.”

Casmir aliokota kumi na moja. Lakini Kija alikuwa amesimama pale, kitindamimba begani, akimtazama kama mtu anavyomtazama daktari. Akaweka tatu. Nane zikaingia mfukoni.

“Zimeisha?”

“Zimeisha, bibi.”

Bibi akafukia, akanuiza, akaenda zake. Mkwaruzo ukanyamaza.

“Kwetu Shinyanga jini kama huyu angekula kondoo mzima,” Kija alicheka. “Wewe umemmaliza kwa vikokoto vitatu, mwalimu.”

Casmir akahisi ubaridi pajani. Suruali ilikuwa imelowa. Mfukoni kokoto zilikuwa zikichuruzika matope. Mshale ukapanda: tatu nukta moja. Namba ya siku ya nne.

“Kija, hamisha watoto.”

“Si ametoka?”

Casmir akafungua kiganja. “Zilikuwa kumi na moja.”

Kija akazitazama kokoto, akaitazama nyumba yake. Hakutukana, afadhali angetukana.

“Sawa, Casmir,” alisema, akateremka tuta akiwaita wanawe mmoja mmoja.

Mshale ukazimaliza zile namba nane. Casmir akangoja utulie. Ukapanda tena, taratibu, ukapita namba zote alizowahi kuandika, ukafika kumi, mwisho wa kipimo, ukabaki ukitetemeka pale.

Hiyo ilikuwa ya siku ya kumi na mbili, kesho ya wanunuzi. Bado hakuwa ameitunga.