Ezron wa Kundi la Ijumaa

"Batuli, unaniacha kwa sababu ya kompyuta?"

"Nakuacha kwa sababu hunijali, Nasri. Mwaka mzima wa uchumba, umewahi hata kuniuliza ninafundisha nini?"

Upande wa pili wa simu msumeno ulikuwa unanguruma. Nasri, mchumba wangu, anafanya kazi kiwanda cha mbao Mafinga. Mimi niko Soweto, Mbeya, na siku hiyo nilikuwa nimechoka mpaka kope.

"Nakupenda," akasema.

"Sawa. Jioni namwambia baba arudishe barua yenu ya posa."

Nikakata simu. Sikulia. Kulia nako kunataka nguvu.

Niwaambie ninachofundisha. Kuna lugha ya kuandikia programu za kompyuta, inaitwa Rust. Kila Ijumaa nakusanya habari zake, toleo jipya limeleta nini, masomo ya bure yako wapi, nageuza kwa Kiswahili na kutuma kwenye kundi langu la WhatsApp. Kundi lina watu mia mbili. Wanaosoma, Mungu anajua. Anayejibu ni mmoja tu, anajiita Ezron, na kichwa chake, jamani, ni kigumu. Swali moja ameniuliza mara nne.

Asubuhi ile alipouliza mara ya tano, uvumilivu ukaniishia. Nikamwandikia mbele ya watu wote: "Ezron, kama huelewi acha. Si kila mtu aliumbiwa kazi hii."

Nikaamua leo nafunga kundi, leo navunja uchumba, kesho nalala kutwa nzima.

Baada ya Alasiri nikashika simu nilifunge kweli. Nikakuta ujumbe wa Ezron: "Samahani mwalimu. Nimejaribu tena. Imekataa tena."

Chini yake picha. Wanafunzi wangu hawanakili kosa, wanapiga picha kioo cha kompyuta. Nikaikuza nisome maandishi. Kompyuta ilikuwa juu ya rundo la mbao, vumbi la msumeno kila mahali. Pembeni chupa ya chai ya bluu, mfuniko umefungwa raba nyekundu.

Raba ile niliifunga mimi, kwa mikono yangu, siku tuliposimama Iyunga kusubiri basi lake la Mafinga, mfuniko ukaanguka ukapasuka.

Nikapiga simu kwa Nasri.

"Ezron," nikasema.

Nikasikia msumeno unazimwa.

"Umejuaje?"

"Chupa. Miezi minane unanidanganya. Namba ya nani ile?"

"Laini yangu ya pili."

"Kwa nini usiniulize mimi mwenyewe?"

"Nilikuuliza."

"Lini?"

"Baada ya Idi, pale kwenu sebuleni. Nilikuja na daftari. Ukasema, 'Nasri, nimechoka, nikiwa na wewe sitaki habari za programu. Mwenye swali aulize kwenye kundi.' Basi nikaenda kwenye kundi."

Wallahi nilikumbuka. Hata daftari nililikumbuka, la kijani. Nilikuwa nimeliwekea kikombe cha chai juu. Aibu ikanipanda mpaka masikioni.

"Na jina la Ezron la nini?"

"Ungejua ni mimi ungenionea huruma. Nilitaka unijibu kama wengine."

"Na leo nimekujibu."

"Umenijibu," akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka kuliko yangu. "Nikaenda kupakia lori, nikarudi, nikajaribu tena."

"Nasri, wewe na Rust wapi na wapi?"

"Sina kazi nayo. Nilitaka tukioana tuwe na la kuongea."

Hapo ndipo nilipolia.

Jioni baba akaniuliza, "Ulisema una neno na mimi?"

"Lilikuwepo, baba. Limekwisha. Ile barua ya kina Nasri iko wapi?"

"Kabatini."

"Ikae huko huko."

Kabla sijalala nikafungua kundi. Ezron alikuwa ameandika: "Mwalimu, sasa nimeelewa."

Nikaiangalia programu yake mstari kwa mstari. Kosa lilikuwa lile lile.

Nikamwandikia mbele ya watu mia mbili: "Hujaelewa. Njoo Jumapili, na daftari lako la kijani."