Pete Iliyogeuka Nyeupe

"Mwalimu, nisaidie kabla Baba Mbuke hajarudi. Akiiona hivi ataniua!"

Ritha aliweka pete juu ya meza ya maabara. Ilikuwa nyeupe kama sufuria. Apolonia, mwalimu wa kemia hapo Geita, hakushangaa. Wanawake wa mwaloni, kunakooshwa dhahabu, kama Ritha, huchanganya mchanga wa dhahabu na zebaki kwa mikono mitupu.

"Ulisahau kuivua?"

"Nilisahau, jamani! Ndo wiki ya kwanza kuivaa tangu Baba Mbuke anipe."

"Zebaki imeshikana na dhahabu. Metali zikiungana, elektroni zake hazina mwenyewe, zinatangatanga kwa wote. Sabuni haitoi."

"Basi niichome motoni?"

"Thubutu! Mvuke wake ni sumu. Asidi ya nitriki itakula zebaki, dhahabu itaiacha."

Akavaa glavu, akafungua madirisha, akaidumbukiza. Baadaye akaisuuza kwa maji mengi, akaigeuza kwenye mwanga. Ndani zilichongwa herufi mbili: A na E.

"Hizi herufi?"

"Baba Mbuke anasema ni alama ya sonara."

Apolonia akaisogeza karibu na macho. Pete yake ya uchumba ilikuwa na herufi hizo hizo. Wiki tatu zilizopita mchumba wake, Enock, aliichukua ikapanuliwe. Akampigia, akaweka simu kwenye spika.

"Enock, pete yangu iko wapi?"

"Mpenzi, si nilikwambia iko kwa sonara, Shinyanga? Tulia, ndoa bado wiki mbili tu."

Ritha akaruka. "Mayu wane, mama yangu! Hiyo si sauti ya Baba Mbuke?"

Simu ikakatwa. Dakika haikuisha, simu zao zikaingia ujumbe kwa pamoja.

Ya Apolonia: "Poly, huyo ni wa zamani, ananing'ang'ania. Nakupenda wewe."

Ya Ritha: "Mama Mbuke, huyo mwalimu ni kichaa. Mke wangu ni wewe."

Walibadilishana simu, wakasoma. Apolonia akalia kwa uchungu, bila aibu. Miaka minne ya kumwamini mtu yule!

"Mwalimu, haki ya Mungu sikujua."

"Najua. Jumapili njoo kanisani na mwanao." Kisha wote wawili wakamjibu Enock kwamba wamemwamini.

Jumapili hiyo ndoa ilitangazwa kwa mara ya tatu. Padri akauliza kama kuna mwenye kujua kizuizi. Enock, suti imempendeza, alikuwa anatabasamu. Bibi harusi mtarajiwa akasimama.

"Mimi, Padri. Bwana harusi ana mke na mtoto. Wamekaa benchi la nyuma."

Kanisa zima likageuka kuangalia, isipokuwa Enock.